Jina Lako Limo Kitabuni? Mwongozo wa Kujiandaa na Kupokea Sakramenti Parokiani

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista, yaani mwalimu wa dini katika Kanisa Katoliki. Siku mbili za wiki nakaa kwenye meza ya ofisi ya parokia, na Jumapili baada ya Misa ya pili nafundisha watoto. Wengi wanaofika mezani hapo wakiwa na machozi hawakukwama kwa sababu ya dhambi kubwa, wala kwa sababu ya fedha. Wamekwama kwa sababu ya jina. Jumuiyani hakuna anayewafahamu, au hawajui walibatizwa kigango gani, yaani tawi gani la parokia, au jina lililoandikwa kitabuni silo wanaloitwa leo. Mambo hayo yakianza kushughulikiwa mapema hayasumbui mtu. Yakiachwa mpaka wiki ya harusi, au mpaka mgonjwa yuko kitandani hajitambui, yanaumiza familia nzima.

Ninayoyaandika hapa ni utaratibu wa parokia zetu za Tanzania. Sheria kuu ni zile zile kwa Kanisa lote, ila kila jimbo lina mambo yake madogo madogo: muda wa mafundisho, fomu, siku za ofisi. Kwa hayo, muulize katekista wako.

Anzia jumuiyani

Kabla ya kwenda ofisini, nenda jumuiyani. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa mashariki mwa Afrika, walikutana Nairobi wakaweka msisitizo kwamba parokia zijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya majirani wanaosali pamoja, na hapa kwetu jambo hilo limeshika mizizi kweli kweli. Ukija kuomba ubatizo wa mtoto, ndoa, au hata kumwitia padre mgonjwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni: "Unasali jumuiya gani?"

Kama umehamia mtaani karibuni, baada ya Misa muulize kiongozi yeyote wa kanda, au simama nje ya kanisa umuulize mama aliyevaa kitenge cha WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania. Atakupeleka. Mijini jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri ili watu wawahi kazini, na vijijini mara nyingi ni jioni. Jitambulishe, toa majina ya watu wa nyumbani kwako yaandikwe kwenye daftari la jumuiya, na kama umetoka parokia nyingine njoo na barua ya utambulisho kutoka huko.

Naomba nieleweke katika hili: usianze kuhudhuria wiki unayohitaji barua. Mwenyekiti anapoandika kwamba anakufahamu, anaweka ushahidi wake mbele ya Mungu. Ukimkuta mlangoni saa mbili usiku na fomu mkononi, wakati hajawahi kukuona kwenye sala wala msibani, unampa mzigo asiostahili. Hudhuria, salimiana na watu, beba kiti chako. Miezi michache tu na watu watakuwa wanakuita kwa jina.

Kuhusu zaka: ofisi nyingi zitakuomba kadi yako. Zaka ni wajibu wa mwamini, lakini sakramenti haziuzwi, na Sheria za Kanisa zinaagiza wazi kwamba maskini asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kama huna, usijifiche nyumbani kwa aibu. Nenda kwa paroko mwenyewe, umweleze hali yako kwa maneno mawili.

Tafuta cheti chako cha ubatizo leo

Kitabu cha wabatizwa ni kikubwa, ukikifungua kinajaza meza. Kila mstari ni mtu mmoja: namba, jina la ubatizo, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, baba, mama, msimamizi, aliyebatiza. Mwishoni kabisa mwa mstari kuna nafasi ambayo siku ya ubatizo huachwa wazi, na nafasi hiyo ndiyo inayoeleza maisha ya mtu. Akipata Kipaimara, huandikwa hapo. Akifunga ndoa, hata kama ni nchi nyingine, parokia iliyofungisha hutuma taarifa, nayo huandikwa hapo. Vivyo hivyo akipewa daraja takatifu au akiweka nadhiri za daima utawani. Nimeona mistari yenye wino wa rangi tatu, mwandiko wa mapadre watatu, mmoja akiwa amekwisha kufariki.

Ndiyo sababu parokia uliyobatizwa inabaki na kumbukumbu yako maisha yako yote, hata ukihama mara kumi. Cheti kikipotea hujapoteza ubatizo wako. Omba nakala nyingine huko huko. Vyeti vingi huwa na namba inayotanguliwa na herufi LB, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya kitabu cha wabatizwa. Iandike namba hiyo kwenye simu yako, na uiandike pia nyuma ya Biblia ya nyumbani. Ukiwa nayo, kukutafuta ni kazi ya dakika tano. Bila hiyo, mtu anapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa.

Kuna binti alikuja zikiwa zimebaki siku tisa afunge ndoa. Alijua jimbo alilobatizwa, parokia hakuwa na uhakika nayo, na tangu utoto aliitwa Neema. Huko tulikopiga simu walitafuta Neema miaka mitatu ya kitabu wasimpate. Mama yake alikuwa amefariki. Mwishowe shangazi akakumbuka mama wa ubatizo alikuwa nani, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini. Wakaacha kutafuta jina la mtoto, wakatafuta la msimamizi. Alikuwemo: Perpetua, amebatizwa Jumatatu ya Pasaka. Binti alilia pale pale ofisini, akasema hakuwahi kujua kwamba mama yake alimpa jina hilo. Kwa hiyo ukiwa na wazazi hai, waulize leo mambo manne: parokia na kigango, mwaka, jina la ubatizo, na jina la msimamizi.

Na kama kitabu kiliungua au kililiwa na mchwa? Njia ipo. Kwa kawaida ushahidi wa mtu mmoja anayeaminika aliyekuwepo unatosha, au kiapo cha mhusika mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Paroko ataandika, na kumbukumbu itawekwa upya.

Neno moja kwa walio mbali. Ndugu zetu wanaofanya kazi Muscat, Dubai au Ulaya wakitaka kufunga ndoa huko, parokia ya huko itadai cheti cha nyumbani. Mtume ndugu aende ofisini na namba ya LB, nakala ya kitambulisho chako na ujumbe wako wa maandishi. Usisubiri likizo.

Kumbatiza mtoto

Kanisa linawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Familia nyingi hungoja mpaka wapate fedha za sherehe, mtoto anafikisha miaka miwili anakimbia kanisani. Pilau inaweza kungoja. Mbatize mtoto kwanza.

Mtoto akizaliwa, toa taarifa jumuiyani, upate barua. Nenda nayo kwa katekista pamoja na cheti cha ndoa yenu na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Mtapangiwa mafundisho ya wazazi na wasimamizi. Baba naye aje, asimwachie mama peke yake. Hakikisheni herufi za jina zinafanana na zile za cheti cha kuzaliwa, kwa sababu siku moja RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanaweza kuhitaji cheti cha ubatizo kama kithibitisho, na herufi moja iliyopotoka inazaa safari nyingi. Jina la ubatizo si lazima liwe la Ulaya. Tuna Kizito, Bakhita, Anuarite, Lwanga, watakatifu na wenye heri waliotembea kwenye udongo wetu huu. Hata jina la Kiswahili linakubalika, mradi lisipingane na imani.

Msimamizi ndiye anayechaguliwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Watu wanatafuta bosi kazini, au rafiki mwenye gari. Sheria inataka awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na anayepokea Ekaristi, anayeishi kadiri ya imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Anatosha mmoja. Mkiweka wawili, wawe mwanamume na mwanamke. Rafiki yenu Mlutheri mnayempenda anaweza kusimama kama shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki. Mimi hushauri mtu anayekaa karibu, atakayemuuliza mtoto kila anapopita, "Umesali leo?"

Sasa lile linaloumiza wengi: wazazi hawajafunga ndoa kanisani, au mama yuko peke yake. Parokia nyingi zitawaita kwanza mzungumze na paroko, na wengine wakisikia hivyo hukasirika wasirudi tena. Nendeni. Sheria inadai mambo mawili: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Tumaini hilo linaweza kuwa bibi anayesali rozari kila jioni, au mama ambaye hakosi jumuiya. Januari 2014 Papa Fransisko alibatiza katika Kikanisa cha Sistina mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na ndoa ya kiserikali tu. Paroko akiona pa kushika, atashika. Msaidieni kwa kumweleza ukweli wote.

Siku yenyewe fikeni mapema na mshumaa na kitambaa cheupe. Mtoto avae nguo inayofunguka kifuani, kwa sababu atapakwa mafuta hapo, na utosini atapakwa Krisma, mafuta matakatifu yaliyobarikiwa na askofu. Baada ya ibada msiondoke kabla ya kuangalia jinsi jina lilivyoandikwa.

Mtoto akiwa hatarini

Hili kila mtu alijue, na wakunga wa kwetu na manesi walijue zaidi. Mtoto au mtu mzima anayeomba ubatizo akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza, akiwa tu na nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Chukua maji ya kawaida, safi. Mwagia kichwani, maji yatiririke juu ya ngozi, huku ukitaja jina na kusema: "Mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Usitumie mafuta, soda wala mate.

Mei 1886, kwenye ikulu ya Kabaka Mwanga kule Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini wanaojiandaa kubatizwa, mmoja wao kijana Kizito, walipojua kwamba kifo kiko mlangoni. Lwanga hakuwa padre. Alikuwa kiongozi wa vijana wa ikulu, akiwafundisha dini usiku.

Mtoto akipona, habatizwi tena. Mlete kanisani akamilishiwe ibada zilizobaki, na aliyembatiza aje mwenyewe au aandike alichofanya, ili jina liingie kitabuni. Nimeshuhudia mtoto aliyebatizwa na bibi yake kwa kikombe cha plastiki wodini. Leo anatumikia altareni.

Mtu mzima anayeomba ubatizo

Njoo kwa katekista, useme tu, "Nataka kubatizwa." Huhitaji kujua sala yoyote siku hiyo. Utapokewa kama mkatekumeni, utapewa mdhamini wa kukusindikiza, na safari itachukua mwaka au zaidi. Hufikia kilele chake mkesha wa Pasaka: usiku ule ule unabatizwa, unapata Kipaimara na unapokea Ekaristi kwa mara ya kwanza.

Kama ulibatizwa KKKT (kanisa la Kilutheri) au Anglikana kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, hutabatizwa mara ya pili. Leta cheti chako. Utafundishwa, kisha utapokelewa katika ushirika kamili.

Mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja, au mwanamke aliyeolewa na mume mwenye wake wengine, amweleze paroko tangu siku ya kwanza. Nimeona watu wakisoma miaka miwili, kisha mambo haya yakajulikana wiki ya Pasaka. Ni uchungu kwa kila mtu.

Kuungama

Ubatizo ni mara moja, lakini Kitubio utakirudia maisha yako yote, kwa hiyo jifunze kukifanya vizuri. Jipe robo saa ya kujichunguza kwa Amri Kumi. Ukifika kwa padre, fanya ishara ya msalaba, sema ni muda gani tangu uungame mara ya mwisho, kisha taja dhambi zako, zile kubwa kwa aina yake na idadi yake kadiri unavyokumbuka. Usisimulie dhambi za mume au za jirani. Padre atakupa neno na malipizi. Sali sala ya kutubu, ile ianzayo "Mungu wangu, nimetubu sana", naye atakuondolea. Ukiisahau, mwambie padre, mtasali pamoja. Malipizi yafanye siku hiyo hiyo.

Watu wengi wanaogopa padre atasema. Hawezi. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, hata padre akitishiwa maisha, na anayeivunja moja kwa moja anapata adhabu ya kutengwa na Kanisa. Kama unaona haya kwa paroko wako kwa sababu mnaonana kila siku, nenda parokia ya jirani.

Sheria inadai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Usingoje foleni ya Juma Kuu, ambapo padre mmoja ana watu mia tatu mbele yake na jua limezama. Jumamosi ya kawaida alasiri utakuta watu watatu, na utapata muda.

Komunyo ya Kwanza

Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliwashushia watoto umri wa kukomunika, akasema inatosha waweze kutambua tofauti kati ya mkate wa kawaida na Ekaristi, kwenye miaka saba hivi. Kwetu mafundisho huchukua muda, na watoto wengi hufika wakiwa wakubwa zaidi ya hapo. Mwandikishe mwaka unapoanza, uje na nakala ya cheti chake cha ubatizo. Mtoto ambaye hajabatizwa anaweza kusoma pia, atabatizwa kwanza. Kabla ya siku yenyewe ataungama kwa mara ya kwanza.

Mimi darasani nafundisha Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na Amri. Lakini naona tofauti kubwa kati ya mtoto anayesali nyumbani na yule anayekutana na sala Jumapili tu. Yule wa kwanza anasali huku amefumba macho. Wa pili anasoma midomo ya mwenzake. Mzazi, dakika tano kabla ya kulala zinatosha.

Mfundishe kwa vitendo. Saa moja kabla ya kukomunika hali wala hanywi kitu, isipokuwa maji na dawa. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi na sheria hiyo. Akipokea mkononi, mkono wa kushoto ukae juu ya wa kulia kama kiti, aseme "Amina" kwa sauti, ale pale pale mbele ya padre, asitembee na Hostia. Fanyeni mazoezi nyumbani.

Kuhusu magauni: tafadhali. Nimeona mtoto akilia nje ya kanisa kwa sababu gauni lake ni la kuazima na la mwenzake limeshonewa taji. Wazazi wa darasa moja wakikaa pamoja wakakubaliana mshono mmoja wa kitambaa cha bei ndogo, kilio hicho hakipo. Na fedha iliyobaki, baba na mama waitumie kama nauli ya kwenda kuungama, ili siku hiyo wakomunike pamoja na mtoto wao.

Kipaimara

Mhudumu wake wa kawaida ni askofu, na ratiba yake hupangwa mapema, kwa hiyo ukikosa mwaka huu unaweza kungoja mwingine. Sharti ni cheti cha ubatizo, mafundisho, kuungama, na msimamizi mwenye sifa zile zile za msimamizi wa ubatizo. Inapendeza awe yule yule. Msimamizi husimama nyuma yako na mkono wake wa kuume begani kwako. Kama umri umekwenda na hukupata, usione aibu kukaa na wadogo. Parokia nyingi zina darasa la watu wazima, hasa kwa wanaojiandaa kwa ndoa.

Ndoa

Hapa ndipo ofisi inapojaa. Ushauri wangu wa kwanza: msilipie ukumbi wala msichapishe kadi za michango kabla paroko hajawapa tarehe. Kamati ya harusi huwa na haraka, Kanisa haliwezi kuwa nayo. Nendeni angalau miezi sita kabla.

Kila mmoja aanzie jumuiyani kwake, apate barua. Kisha tafuteni vyeti vya ubatizo vipya, vilivyotolewa ndani ya miezi sita. Wengi hukasirika: "Cheti ninacho, kwa nini kingine?" Kumbuka ile nafasi mwishoni mwa mstari. Cheti ulichopewa utotoni hakionyeshi kilichoandikwa baadaye. Cheti kipya kinaonyesha kama mtu amewahi kufunga ndoa mahali pengine. Kinakulinda wewe. Nimekwisha kuona kikimlinda dada mmoja, zikiwa zimebaki wiki mbili.

Mtahudhuria mafundisho ya uchumba na ndoa, kwa kawaida wiki kadhaa. Kisha paroko atawahoji, kila mmoja peke yake: unaingia kwa hiari? Umekubali kwamba ni mpaka kifo? Unakubali watoto? Kuna jambo umemficha mwenzako? Jibuni kweli. Kama mna undugu, semeni. Baadhi ya makabila yetu huruhusu binamu kuoana, lakini kwa Kanisa hicho ni kizuizi, na ruhusa lazima itoke kwa askofu. Mahari isiyokwisha haizuii sakramenti. Ila wazee wapewe heshima yao, wasije kusimamisha watu mlangoni mwa kanisa.

Mkatoliki anayefunga ndoa na Mkristo wa dhehebu lingine anahitaji kibali cha askofu, na anayefunga na Mwislamu au asiyebatizwa anahitaji kuondolewa kizuizi. Bila hilo ndoa si halali. Paroko ndiye anayeandika maombi. Mkatoliki huahidi kulinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe Kikatoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Mjadiliane mapema, mkiwa wawili, kabla wakwe hawajaingia.

Matangazo ya ndoa kwa desturi husomwa Jumapili tatu, parokia zote mbili. Upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, na mambo haya mawili hupangwa kwenda pamoja. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hakuna ndoa, na parokia nyingi hazifungishi ndoa za sherehe Kwaresima nzima. Mashahidi wawe wawili, na parokia nyingi hutaka wawe Wakatoliki wenye ndoa. Ungameni kabla. Mkitoka sakristia hakikisheni mmesaini cheti cha serikali pia.

Na ninyi mnaoishi pamoja miaka kumi, mna watoto, hamkomuniki, kila Jumapili mnabaki kwenye benchi wakati wenzenu wanapanga mstari: kinachowazuia mara nyingi ni wazo la harusi kubwa. Sakramenti inahitaji padre au shemasi aliyeruhusiwa, mashahidi wawili, na ridhaa yenu. Tumefungisha ndoa Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, bwana arusi amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, watoto wanne wamekaa benchi la mbele. Baada ya Misa walikunywa chai na maandazi nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya, wakaenda kazini. Mama yule alikuwa hajakomunika kwa miaka kumi na miwili. Aliporudi kutoka altareni alipiga magoti, hakuinuka mpaka kanisa limebaki tupu.

Mpako wa Wagonjwa

Msingoje mpaka mtu anakata roho. Sakramenti hii ni ya mwamini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa. Huweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya, au akipona kisha akaugua tena. Ukimwita padre mapema, mgonjwa anaweza kuungama kwa kinywa chake, akajibu sala, akapokea Komunyo. Ukichelewa, padre atampaka mafuta akiwa hajitambui, na nyumba itabaki na majuto. Usiogope kwamba mgonjwa atashtuka akimwona padre. Mara nyingi ninayoyaona ni kinyume: anapumua, kama aliyekuwa akingoja.

Piga simu kwa mwenyekiti wa jumuiya au ofisini, na usiku piga nyumba ya mapadre. Namba hizo zibandike ukutani jikoni, kila mtu azione. Sema jina la mgonjwa, alipo, kama anaweza kumeza, na kama anaweza kusema. Akiwa hospitalini, taja wodi na kitanda.

Nyumbani, osheni uso na mikono yake. Kando ya kitanda wekeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, pamba kidogo, na glasi ya maji ya kunywa ili aweze kumeza Hostia. Zimeni redio na televisheni. Padre akitaka kumwungamisha, wote mtoke nje, mfunge mlango, mngoje mpaka awaite. Kisha ingieni wote, hata watoto, mwitikie sala.

Na mtumeni kijana mmoja akasimame barabarani, penye kona, mwenye tochi kama ni usiku. Nyumba zetu nyingi hazina namba, na padre anayebeba Ekaristi hapendi kusimama kuuliza njia kila baada ya hatua kumi.